Kuficha Jina, Kunukuu Neno: Uhakiki wa Makala ya Amy Bruckman kuhusu Utafiti katika Intaneti

Mwaka 2002 Amy Bruckman, mtaalamu wa kompyuta katika chuo cha Georgia Tech nchini Marekani, alichapisha makala kuhusu namna ya kuficha utambulisho wa watu wanaochunguzwa katika intaneti. Makala hiyo ingali ikitajwa sana, na inastahili. Hapa inasomwa kwa jicho la mwanaisimu, ambaye malighafi yake ni maneno yenyewe ya wale anaotakiwa kuwaficha.

Hoja kuu ya Bruckman ni kwamba mtu anayeandika katika intaneti pasipo malipo afananishwe na msanii anayetunga kwa mapenzi yake tu. Kazi yake imekwisha kuchapishwa nusu. Kwa hiyo anadaiwa mambo mawili yanayogombana: kulindwa na kutajwa. Kutokana na hayo, mwandishi anapanga ngazi kuanzia kutoficha chochote hadi kuficha sana. Katika uficho mwepesi jamii hutajwa, majina na lakabu hubadilishwa, lakini maneno huweza kunukuliwa yalivyo. Katika uficho mzito jamii haitajwi, maneno halisi hayanukuliwi ikiwa yanaweza kutafutwa na kupatikana, na baadhi ya maelezo hugeuzwa kwa makusudi.

Sifa ya makala ni kuvunja mazoea ya kudhani kwamba kufuta jina ni hisani daima. Mtu aliyejitolea miaka kadhaa kuandika makala za Wikipedia anaweza kuona ameporwa akiitwa “Mhariri A”. Leseni yenyewe ya Wikipedia humdai anayetumia matini yake awataje walioiandika. Katika jambo hilo Bruckman aliona mbali kuliko kamati nyingi za maadili.

Udhaifu unaanzia pale ngazi yake inapodhani kuwa mtafiti ndiye aliyeshika pazia. Katika Wikipedia kila badiliko, hata katika kurasa za majadiliano, huhifadhiwa pamoja na jina au lakabu ya aliyelifanya, tarehe na dakika. Mtafiti anayeandika “Mhariri A” kisha akanukuu maneno kumi ya mjadala amekwisha kumtaja. Msomaji huyaingiza maneno hayo katika chombo cha kutafutia, ukurasa ukafunguka, historia yake ikatoa lakabu, na lakabu ikaonyesha kila alichoandika mtu huyo: saa anazokesha, kijiji anachokieleza kwa undani, shule anayorudi kuisahihisha. Bruckman anakiri kwamba nukuu inaweza kumfichua mwenyewe, na anauvumilia uwezekano huo katika uficho mwepesi mradi yenye kudhuru yaachwe. Lakini ni nani ajuaye leo litakalomdhuru mtu kesho?

Hali ni ngumu zaidi pale watu walipo wachache. Wikipedia ya Kiswahili ilianzishwa mwaka 2003, na wanaoihariri mara kwa mara ni wachache mno wakilinganishwa na wale wa Kiingereza au Kifaransa. Mmoja wao akiandika katika majadiliano “batu banasema” badala ya “watu wanasema”, wasomaji wengi watajua mara moja kuwa anatoka Kongo. Mwanaisimu yuko njia panda: akisanifisha sentensi ameua data, akiiacha amepunguza kundi la wanaodhaniwa hadi labda watu watatu.

Hatari hizi si za kubuni. Mwaka 2013 idara ya usalama wa ndani ya Ufaransa ilitaka makala kuhusu kituo cha redio cha kijeshi cha Pierre-sur-Haute ifutwe katika Wikipedia ya Kifaransa. Ilimwita mjitoleaji mmoja, kiongozi wa chama cha wanawikipedia aliyejulikana kwa jina lake halisi, ikamtishia hata akaifuta. Hakuwa ameiandika makala hiyo. Alikuwa tu mtu anayepatikana. Vilevile, katika utafiti wa Andrea Forte na wenzake uliotolewa mwaka 2017, waliohojiwa walisimulia hofu ya kufuatiliwa, kunyanyaswa, kupoteza kazi, na usalama wa jamaa zao.

Dawa iliyopendekezwa na Annette Markham mwaka 2012 ni kubuni: mtafiti achanganye sauti kadhaa na kutunga mazungumzo yanayobeba maana ileile bila kuwa maneno ya mtu yeyote. Kwa mwanasosholojia huenda inafaa. Kwa mwanaisimu ni kutengeneza ushahidi, kwa maana kiambishi, mpangilio wa maneno na kuchanganya ndimi ndivyo vinavyochunguzwa.

Basi uamuzi hauna budi kutangulia kuandika, tena usiwe wa mtafiti peke yake. Mengi katika sarufi yanaweza kuelezwa kwa kuhesabu maumbo, bila nukuu ndefu. Panapohitajika sentensi nzima, mwenye sentensi aonyeshwe sentensi hiyohiyo, pamoja na maelezo yatakayoizunguka, naye achague kutajwa, kufichwa au kukataa. Idhini ya jumla iliyotolewa mwanzoni haitoshi, maana wakati huo hakuna ajuaye ni maneno gani yatakayochapishwa. Hapa tasnifu za wanafunzi zinastahili lawama kidogo: viambatisho vyake hubeba mazungumzo mazima, majina yakiwa yamepunguzwa kuwa herufi mbili, na msimamizi husifu wingi wa data.

Kuna mtu mmoja ambaye ngazi ya Bruckman haimwekei nafasi: mjitoleaji aliyeondoka. Lakabu yake ipo, maneno yake yapo, lakini barua haijibiwi. Wapo watakaosema kwamba aliandika hadharani, kwa hiyo amekwisha kuruhusu. Aliandika hadharani ili kuwasaidia wasomaji wa kamusi elezo, wala hakuandika ili lahaja yake ichambuliwe mbele ya darasa. Asipojibu, sentensi zake zihesabiwe tu, zisichapishwe, hata kama ndizo mfano bora kuliko yote katika mkusanyo.