Jino la Mbele Likivunjika: Tiba Ipi Inafaa Kibondo na Kasulu?

Bodaboda inateleza kwenye tope la masika, abiria anaangukia uso, na kona ya jino la mbele inabaki barabarani. Wengi wanaopatwa na hili huwaza mambo mawili tu: jino ling'olewe, au waishi nalo hivyo hivyo wakicheka huku wameziba mdomo kwa kiganja. Ipo njia ya tatu. Haihitaji maabara wala safari ya Mwanza: sehemu iliyovunjika hujengwa upya kwa kompositi, nyenzo laini yenye rangi ya jino ambayo huwa ngumu ikimulikwa taa ya bluu.

Daktari huanza na uhai wa jino. Doa jekundu katikati ya mvunjiko lina maana kwamba kiini, penye mishipa ya damu na fahamu, kimefunuka. Hapo kiini hutibiwa kwanza, urembo baadaye. Kiini kikiwa salama, rangi ya kompositi huchaguliwa mapema, jino likiwa bado na mate. Jino likikauka hupauka kwa muda, na anayechagua rangi wakati huo humpa mgonjwa kipande cheupe kuliko meno ya jirani.

Kisha jino hutengwa na mate kwa pamba au kwa shuka nyembamba ya mpira. Jeli ya asidi ya fosforasi, kwa kawaida asilimia 37, hupakwa kwenye ukingo wa enameli, lile gamba gumu la nje, kwa sekunde 15 hadi 30, ikaoshwa na kukaushwa. Enameli iliyoshika asidi vizuri huonekana nyeupe kama chaki, na uso wake huwa na vitundu visivyoonekana kwa macho ambamo gundi huingia na kung'ang'ania. Ugunduzi huu ni wa Michael Buonocore, aliyeuchapisha Marekani mwaka 1955, na ndio uliowaondolea madaktari ulazima wa kuchonga jino zima ili kuokoa kona moja. Baada ya gundi, kompositi hupangwa kwa tabaka zisizozidi milimita 2, kila tabaka ikimulikwa sekunde 20 hivi. Mwisho huja kusawazisha, kung'arisha na kupima jinsi meno ya juu na ya chini yanavyokutana.

Kazi hii huharibiwa na vitu viwili: mate yakigusa enameli kabla ya gundi, na taa isiyo na nguvu. Nje kipande kitaonekana kigumu huku ndani hakijashika, na baada ya miezi michache kitang'oka kwenye muhindi wa kuchoma. Kwa hiyo umeme ni sehemu ya tiba. Taa nyingi za siku hizi hutumia betri ya kuchajiwa, lakini mashine ya kuchongea hutegemea mgandamizo wa hewa, na kompresa haiendi bila umeme wa uhakika. Miji ya Kasulu na Kibondo iliendeshwa kwa jenereta za dizeli za TANESCO hadi mwaka 2022, Gridi ya Taifa ilipoanza kuufikia mkoa wa Kigoma.

Tatizo jingine la meno ya mbele ni rangi, na hapa kosa kubwa ni kutibu kabla ya kujua chanzo. Weusi wa chai, kahawa na tumbaku hukaa juu ya jino pamoja na ukoga, na huondoka kwa kusafishwa kliniki. Madoa ya kahawia ya floridi yamo ndani ya enameli yenyewe, kwa kuwa yalijengwa humo utotoni meno yakiwa bado hayajaota. Mwalimu aliyekulia pembeni mwa Mlima Meru, kwenye maji yenye floridi kuzidi miligramu 1.5 kwa lita ambazo Shirika la Afya Duniani limeziweka kuwa ukomo, atahamia Kasulu na madoa yake, na mswaki hautayagusa. Yakiwa mepesi, daktari huyasugua kwa mchanganyiko wa asidi hafifu ya hidrokloriki na unga wa kukwaruza, akiondoa sehemu ndogo sana ya milimita. Yakibaki, hufuata jeli ya kung'arishia, mfano kabamidi peroksaidi ya asilimia 10, inayovaliwa usiku ndani ya kifuniko cha plastiki kwa wiki mbili au zaidi.

Utaratibu una uzito wake. Jeli haibadilishi rangi ya kompositi, hivyo anayetaka vyote viwili ang'arishe kwanza, asubiri kama wiki mbili oksijeni itoke kwenye enameli, ndipo kipande kijengwe.

Vinia za kauri, zile kucha nyembamba zinazogandishwa mbele ya meno, zinapendeza na hudumu zaidi ya kompositi. Ila mara nyingi jino huchongwa kwanza, nusu milimita hivi, na enameli iliyochongwa haioti tena. Zinahitaji pia maabara na safari zaidi ya moja, na ikivunjika moja ukiwa Kibondo, safari inaanza upya. Kompositi ikimeguka huongezwa palepale, kwa dakika chache.

Limau, mkaa na mchanga tuviache. Limau huyeyusha enameli, mkaa na mchanga huikwangua, na ikishaisha, dentini ya manjano iliyo chini hujitokeza: aliyetafuta weupe anapata unjano. Na mwanya wa kuzaliwa ni uzuri, hauhitaji kuzibwa. Kutindua meno mazima ili kutengeneza mwanya usiokuwepo ni hasara isiyorudishika.

Hukumu yangu ni hii: kwa mkazi wa Kibondo au Kasulu, tiba bora ni ile inayochonga kidogo na inayoweza kurekebishwa karibu na nyumbani. Anza na usafi, kisha kung'arisha, kisha kompositi. Vinia na kofia za meno zije mwisho. Kabla ya kulipa, uliza: utachonga kiasi gani cha jino langu, ikivunjika nani ataitengeneza na wapi, na ipo njia inayochonga kidogo zaidi? Asiye na majibu ya maswali hayo usimpe jino lako.