Sifa za Sauti ya Pili

Kwaya inapomaliza kuimba ibadani, pongezi humwendea mwimbaji aliyeongoza beti na mwalimu aliyesimama mbele. Wasichana wa sauti ya pili huketi bila mtu kuwataja. Nami nadai kwamba wao ndio wenye kazi ngumu kuliko wote, na kwamba kazi hiyo ni mojawapo ya shule bora za imani alizonazo binti Mkristo wa Afrika Mashariki. Furaha ya imani haidumu kwa msisimko peke yake. Moto wa mkutano wa Injili wa Jumapili hupoa kabla ya Jumatano, na kinachobaki moyoni ni kile ambacho mtu amekifanyia kazi. Sauti ya pili humpa binti kazi ya namna hiyo, tena kazi anayoweza kwenda nayo kanisani, safarini na nyumbani.

Ugumu wake ni huu. Anayeimba sauti ya kwanza amebeba wimbo unaojulikana na kila mtu. Akipotea, usharika mzima utamrudisha. Wa sauti ya pili hana msaada huo. Chukua mwisho wa kawaida wa wimbo wa kanisani: sauti ya kwanza inashuka mi, re, do, na wakati huohuo sauti ya pili inaimba do, ti, do. Kwenye karatasi ni jambo dogo, nusu hatua kwenda chini na nusu hatua kurudi. Lakini ile ti ndiyo inayoufanya wimbo utake kutua. Ikiimbwa chini kidogo tu, mwisho unalegea, na ikirudiwa hivyo kila ubeti kwaya nzima huteremka hadi wa besi wakose pa kushukia. Ikiimbwa sawasawa, muumini haisikii peke yake. Anachosikia ni kwamba wimbo umefika. Hapo binti anajifunza mambo mawili kwa mpigo: kusimama kwenye nota yake, na kuwasikiliza wenzake wanaoimba nyingine. Akisikiliza bila kusimama, atamezwa na sauti ya kwanza. Akisimama bila kusikiliza, atagongana na wote. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya mwili mmoja wenye viungo vingi. Mazoezi ya kwaya huyafanya mafundisho hayo yaingie masikioni na kifuani, yasibaki maneno ya mimbarini.

Ufundi huu pia ni mwepesi kusafiri nao, na sababu yake ina historia. Sol-fa, ile njia ya kuandika nota kwa herufi za do, re, mi iliyoenea katika kwaya zetu, ilianzia kwa mwanamke, Sarah Glover, binti wa mchungaji wa mjini Norwich, Uingereza, aliyetafuta njia rahisi ya kufundisha watoto kuimba na kuichapisha mwaka 1835. Mchungaji John Curwen aliikuza na kuieneza, na wamisionari wakaileta Afrika kwa kuwa haikuhitaji kinanda wala karatasi maalumu. Herufi na alama chache ubaoni zilitosha. Kwa njia hiyohiyo Enoch Sontonga, mwalimu na kiongozi wa kwaya huko Afrika Kusini, aliutunga mwaka 1897 wimbo ambao tuni yake leo ndiyo ya wimbo wa taifa la Tanzania. Ndiyo maana binti anayehamia mji mgeni kwa masomo au kazi anaweza kuingia mazoezini jioni ya kwanza, akauliza wa sauti ya pili wanakaa wapi, akapewa nafasi kwenye benchi na karatasi mkononi, na wimbo uleule aliouacha kwao ukamtambulisha. Nyimbo zenyewe nazo huvuka mipaka: kwaya ya Ambassadors of Christ ya Kigali imependwa mbali na Rwanda kwa nyimbo za Kiswahili kama Kwetu Pazuri. Waimbaji hao wameuimba uzuri wa nyumbani kwa Baba katika lugha ya majirani, na majirani wakauchukua kuwa wao.

Nyumbani, sauti ya pili ina tabia ya pekee: haitoshelezi ikiimbwa peke yake. Binti anayeipitia huku akiosha vyombo atasikika kama mtu anayezungukazunguka nota tatu bila kufika popote. Anahitaji mwenzake. Basi mama aliye jikoni hushika sauti ya kwanza, kaka akijaribu besi, na kazi za jioni zinakuwa ibada ambayo hakuna aliyeitangaza. Imani inayorithiwa kwa njia hii haihubiriwi kwa kelele. Mtoto anayepembua mchele pembeni anaisikia kila siku, na siku moja atajikuta anaijua.

Wapo wanaosema kuimba kwa sauti nne ni mambo ya Wazungu tuliyoyavaa. Sol-fa ni ya kuja, kweli. Lakini kuimba kwa sauti kadhaa kwa pamoja si kwa kuja. Wagogo wa Dodoma wana uimbaji wao wa sauti zinazopishana na kukutana, na wanawake wao ndio wapigaji wa ngoma za muheme. Kilichokuja kilikuta masikio yaliyokwisha kufunzwa. Wengine wanahofu kwamba kumsifu binti anayeimba nyuma ya wengine ni kumzoeza unyonge. Hofu hii ina uzito, maana ziko kwaya ambazo wasichana ndio wengi lakini mwalimu ni lazima awe mwanamume. Kosa hapo ni la utaratibu, wala si la sauti ya pili. Aliyezoea kuishika nota yake huku wengine wakiimba tofauti amejifunza uthabiti, na anayejua kusoma nota ana nusu ya kazi ya mwalimu tayari mkononi. Dawa ni kumpa nafasi ya kusimama mbele. Pingamizi la tatu ni la pesa: sare mpya kila sikukuu, michango ya video, nauli za safari. Hapa wakosoaji wako sahihi pale sare inapotangulia mazoezi. Kwaya iliyovaa kitenge kipya na haijui mwisho wa wimbo imekosea mpangilio. Lakini ubaya huo hutibiwa kwa kurudi kwenye ufundi wenyewe, ambao gharama yake ni muda na pumzi.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa kwaya: msiwafundishe mabinti kwa kukariri tu. Waandikieni nota ubaoni, wazisome wenyewe, kisha mmojawao asimame aongoze. Wazazi nao wasiyahesabu mazoezi ya jioni kuwa uzururaji. Nawe binti wa sauti ya pili ambaye hujapongezwa tangu Pasaka: wimbo haufiki bila wewe, na Mungu unayemwimbia anaisikia kila sauti. Jumamosi nenda mazoezini.