Bosi Hahitaji Bosi: video ya kufundisha mbwa inakosea wapi

Msomaji, kama una WhatsApp na umewahi kumwambia mtu kuwa una mtoto wa mbwa, huenda umeshatumiwa video ya aina hii. Mimi nilitumiwa na binamu yangu siku ya pili tu baada ya kufika nyumbani Madaba na Labrador wa wiki nane, niliyepewa na rafiki wa Morogoro. Ni dakika tisa, Kiswahili safi, sauti nzito ya kiume. Ujumbe wake ni mmoja: mbwa ni mbwa mwitu, mbwa mwitu wanaishi kwa kugombea ukubwa, kwa hiyo usipokuwa mkubwa wewe atakutawala yeye. Ule kabla yake. Upite mlangoni kabla yake. Akileta ubishi mlaze chali umshikilie mpaka alegee. Akikojoa ndani, msugue pua kwenye mkojo na umchape na gazeti.

Baba aliipenda sana. Tayari alikuwa amempa mbwa jina la Bosi, sijui kama aliona utani uliopo hapo.

Sitaki kuionea hii video. Inasisitiza kwamba nyumba nzima itumie neno moja kwa jambo moja, na hapo iko sahihi kabisa. Kwetu baba alikuwa anasema “kaa”, mama “keti”, mdogo wangu “tulia”, na Bosi anatutazama kwa zamu. Tulikubaliana “kaa”, mambo yakanyooka ndani ya siku chache. Tatizo langu ni msingi uliobaki.

Tuanze na mbwa mwitu mwenyewe. Sio huyu wetu mwenye mabaka wa Hifadhi ya Nyerere. Yule ni ukoo mwingine. Mbwa wa nyumbani ana asili moja na mbwa mwitu wa kijivu wa Ulaya na Asia. Mwaka 1947 mtafiti Rudolf Schenkel alichapisha uchunguzi wa mbwa mwitu waliofungiwa kwenye bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. Walikuwa eneo dogo, hawana pa kukimbilia, wakagombana, na walioshinda wakahesabiwa kuwa wakubwa wa kundi. Mwaka 1970 Mmarekani L. David Mech akaieneza dhana hiyo kwenye kitabu chake The Wolf. Baadaye Mech alienda kuwatazama porini, kisiwa cha Ellesmere huko kaskazini kabisa mwa Kanada, akakuta jambo la kawaida mno: kundi ni baba, mama na watoto wao. Mwaka 1999 aliandika makala ya kuirekebisha dhana ile ile aliyoisambaza. Yaani ni kama mtu achunguze mahabusu, halafu aandike kitabu kuhusu familia za Kingoni.

Video ya binamu inarudia kosa ambalo aliyelieneza ameshalisahihisha tangu 1999.

Sasa tuje kwenye adhabu. Wapo wanaosema adhabu haifanyi kazi, na mimi sikubaliani nao. Inafanya kazi. Swali ni inafundisha nini. Nakiri wiki ya kwanza nilimchapa Bosi na gazeti kwa sababu ya mkojo sebuleni. Hakukojoa tena sebuleni. Akawa anakojoa nyuma ya magunia ya mahindi stoo, na tuligundua kwa harufu. Alichojifunza ni kwamba kukojoa mbele yangu ni hatari. Na nikimtoa nje ndio kabisa, anabana mpaka turudi ndani, kwa sababu nje nipo namtazama!

Najua utasema: “Lakini mbwa anajua kosa lake, si unaona anavyoinamisha kichwa?” Alexandra Horowitz alilipima hilo, matokeo yakatoka 2009. Wenye mbwa walitoka chumbani, mbwa wakabaki na kitu cha kula walichokatazwa, kisha wenyewe wakarudi. Wengine waliambiwa mbwa amekula hata kama hakula. Ile sura ya majuto ilitokana zaidi na kugombezwa kuliko kosa. Mbwa asiye na hatia akigombezwa naye alikuwa na sura hiyo hiyo. Tunachokiita aibu, kumbe ni uoga.

Na uoga una gharama. Mwaka 2020 watafiti nchini Ureno walitoa matokeo ya kulinganisha mbwa 92 kutoka shule za mafunzo za aina mbalimbali. Waliofundishwa zaidi kwa adhabu walionyesha dalili nyingi zaidi za msongo, na homoni ya msongo kwenye mate yao ilipanda zaidi baada ya mafunzo. Ukiyaleta hayo Madaba yanakuwa mazito, maana mbwa mwenye uoga aliyebanwa kona huuma, na kwenye uwanja wetu anayembana mbwa kona mara nyingi ni mtoto. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara ni kifo. Chanjo ya Bosi ni suala la afisa mifugo. Kumfanya asiwe na sababu ya kuuma ni suala letu.

Kinachonishangaza ni kwamba njia nyingine tunayo hapa hapa Tanzania. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na sampuli za kifua kikuu. Panya humshikilii chali akakuelewa. Wanatumia kisauti kidogo cha “tik” kikifuatiwa na kipande cha ndizi: panya akipatia tu, tik, ndizi. Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alipewa medali ya dhahabu Uingereza mwaka 2020. Siri kubwa ni muda, maana sauti inamwambia ni kitendo gani hasa kimelipa.

Mimi sina ndizi, nina dagaa wa Nyasa, kila mmoja nakata vipande vitatu. Ulimi naupiga “to”, kisha dagaa. Kwa Labrador hii ni karibu kudanganya. Mwaka 2016 watafiti wa Cambridge waligundua kuwa takriban robo ya Labrador wana kasoro kwenye jeni iitwayo POMC, inayohusiana na hamu kubwa ya chakula na unene. Ndiyo maana dagaa wa mafunzo nawatoa kwenye chakula chake cha siku, siwaongezi juu yake.

Hata hivyo, video za upande wangu nazo zina kasoro zake. Zinadhani una biskuti za dukani, kizimba cha ndani na darasa la watoto wa mbwa kila Jumamosi. Hapa hakuna. Lakini umri wa kuzoea dunia, takriban wiki ya tatu hadi ya kumi na mbili, hausubiri darasa. Kwa hiyo nilimweka Bosi kwenye tenga nikaenda naye stendi, barabara ya Njombe–Songea, bila kumshusha chini kwa sababu chanjo zilikuwa hazijakamilika. Malori, bodaboda, wauza karanga, watoto wa shule. Kila kelele, dagaa. Watu walicheka, halafu wakaanza kuja kumshika wenyewe.

Baba bado ana malalamiko yake: alitaka mlinzi, mimi nimemletea mbwa anayempokea kila mgeni na kandambili mdomoni. Hapo baba ana hoja. Labrador walizalishwa ili waokote ndege waliopigwa na wawindaji na kuwaleta bila kuwatafuna. Ukali haukuwa lengo. Tumekubaliana kwamba kubweka geti likigongwa kunatosha.

Kuku wa jirani ndio mtihani uliobaki. Kwa Bosi, kuku anayekimbia ana thamani kuliko dagaa yeyote niliyenaye, kwa hiyo kwa sasa anatembea na kamba, na jirani ameshaniambia bei ya jogoo wake.