Masafa ya Imani na Hesabu ya Vifo vya Kongo

Mwezi Januari 2006 jarida la tiba The Lancet lilichapisha utafiti wa Benjamin Coghlan na wenzake kuhusu vifo katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kaya 19,500 zilikuwa zimehojiwa mwaka 2004. Watafiti walikadiria vifo 2.1 kwa kila watu 1,000 kwa mwezi, wakavilinganisha na 1.5, wastani wa Afrika kusini mwa Sahara. Kutokana na tofauti hiyo walipata vifo vya ziada 38,000 kila mwezi, na jumla ya milioni 3.9 kwa miaka ya 1998 hadi 2004. Namba hizo mbili za mwisho zilienea sana. Namba nyingine mbili zilizochapishwa pamoja nazo, yaani 1.6 na 2.6, hutajwa kwa nadra. Nazo ndizo zinazostahili kuhakikiwa.

Ifahamike kwamba kaya nyingine zingechaguliwa, jibu lisingekuwa 2.1 barabara. Kiasi cha kuyumba huko huitwa kosa sanifu. Likizidishwa kwa 1.96, kisha likaongezwa na kupunguzwa kwenye kadirio, hupatikana masafa ya asilimia 95. Hapa nusu ya masafa ni 0.5, kwa hiyo kosa sanifu ni 0.255 hivi.

Wanafunzi wa Kongo hufundishwa jambo hili kwa Kifaransa, kwa istilahi yenye neno confiance. Likifasiriwa kuwa "imani", msomaji hudhani kwamba kuna uwezekano wa asilimia 95 kuwa kiwango cha kweli kimo kati ya 1.6 na 2.6. Jerzy Neyman, aliyeiweka nadharia hii mwaka 1937, hakusema hivyo. Asilimia 95 ni sifa ya njia yenyewe: ikirudiwa mara nyingi, masafa 95 kati ya 100 yatakizunguka kiwango cha kweli. Masafa yaliyokwisha kupatikana ama yamekizunguka ama yameshindwa. Ni kama wavu: mvuvi huusifu kwa mitego mingi, wala sifa hiyo haimwambii kilichomo ndani ya mtego wa leo.

Alama z nayo huonyesha kadirio liko umbali wa makosa sanifu mangapi kutoka kwenye kipimo fulani. Kutoka 1.5 hadi 2.1 ni 0.6, ikigawanywa kwa 0.255 hutoa 2.35. Maana yake, kama kiwango cha kweli kingekuwa 1.5, bahati tupu ingeleta 2.1 au zaidi mara 1 hivi kati ya 100. Hoja ya watafiti ina nguvu basi. Hata hivyo, masafa yakihamishiwa kwenye vifo vya ziada, 0.1 hadi 1.1 kwa kila watu 1,000, ile 38,000 huwa kati ya 6,000 na 70,000 hivi kwa mwezi. Anayetaja 38,000 peke yake huficha upana huo.

Aidha, masafa hupima kuyumba kwa sampuli tu. Hayasemi lolote juu ya 1.5. Ripoti ya Human Security Report Project ya Canada, iliyotolewa mwaka 2010, ilidai kwamba kipimo hicho ni kidogo mno kwa Kongo, nchi iliyokuwa na vifo vingi hata kabla ya vita. Kikichukuliwa 2.0, alama z hushuka hadi 0.4 hivi, na bahati tupu ingeweza kuleta 2.1 au zaidi mara 35 kati ya 100. Kaya hazikubadilika, majibu hayakubadilika. Kilichobadilika ni kipimo.

Haya hayaufuti utafiti. Waliouandika walichapisha masafa yao wazi, na walionyesha kwamba wengi walikufa kwa maradhi yanayozuilika na kutibika, si kwa risasi. Kasoro iko kwa wasomaji waliochukua namba moja wakaacha mipaka yake, na kwa ufundishaji unaomkaririsha mwanafunzi 1.96 bila kumwuliza inapima nini. Wafu wa Kongo wanastahili kuhesabiwa kwa uaminifu, na uaminifu huo ni pamoja na kutaja upana wa kutojua.