Namba Hasi na Saa ya Kiswahili

Kipimajoto cha nchi za baridi, kinachotumiwa mno kufundishia namba hasi, hakimfai mtoto wa Kampala. Theluji ya nchi yake iko mbali, vileleni Rwenzori. Mbona saa ya Kiswahili tumeiacha? Saa mbili kasoro dakika mbili, kasoro moja, kamili, na dakika moja, na mbili: mtoto amekwisha kuvuka sifuri kwa ulimi wake. Mwalimu asemaye "tatu toa tano haiwezekani" na aurudishe mshale dakika tano kutoka saa mbili na dakika tatu. Atafika kasoro mbili. Ila mfano huu, walimu wenzangu, hukoma kwenye nusu saa, maana kuanzia hapo twahesabu kwa saa nyingine.