Msungo: Neno la Unyago na Tusi la Wanawake

Katika kamusi, msungo hufasiriwa kuwa ni mtu asiyepitia jando au unyago. Fasiri hiyo ni sahihi, wala hatukusudii kuipinga. Lakini haitoshi, kwani yaeleza hali ya mtu na kuuacha ukali wa neno. Anayeitegemea peke yake aweza kumtukana mwenziwe pasipo kujua.

Asili ya ukali huo yaonekana vema Uzaramo, katika nchi ya Kibaha na Kisarawe. Huko msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani, pengine kwa miezi mingi, akaitwa mwali. Alipewa mwana hiti, sanamu ndogo ya mti, aitunze mithili ya mtoto. Akafundwa, hata siku ya kutolewa nje kwa ngoma. Aliyeingia alikuwa mtoto. Aliyetoka alikuwa mwanamke. Basi kumwita mtu mzima msungo si kusema tu kwamba hajui jambo fulani, bali ni kumnyima jina la mwanamke na kumrudisha utotoni, hata akiwa na wajukuu.

Hapa ndipo neno hili linapotofautiana na malaya. Malaya ni shutuma ya tendo, na aliyeshutumiwa aweza kukana. Msungo ni shutuma ya upungufu, na kuikana ni shida. Mizungu ya unyagoni haisemwi hadharani. Anayeitaja mbele ya watu ili athibitishe kwamba alifundwa, kwa kuitaja huko amefanya kitendo cha msungo. Tusi limejifungia mlango wa kujibiwa.

Kisarufi neno halichagui mume wala mke. Kwa matumizi, hata hivyo, mwanamume asiyepita jandoni hutukanwa zaidi kwa kutajiwa mwili wake, na mwanamke kwa kutajiwa mafunzo yake. Tena wenye haki ya kulitamka neno hili kwa uzito wake ni wanawake waliofundwa. Kinywani mwa mwanamume lapungua nguvu, kwa kuwa yeye hakuwamo.

Leo Tangini ni kata ya mji wa Kibaha, na katika mji huo huo lipo Shirika la Elimu Kibaha, lililotokana na mradi wa nchi za Nordic wa mwaka 1963. Darasa limeichukua miaka ambayo zamani ilikuwa ya mwali, na neno limekuwa la kikale. Hata hivyo bibi asiyejua kusoma aweza kumwita msungo mjukuu mwenye shahada, wala hajakosea maana: anapima kwa kipimo kingine cha elimu.

Kwa hiyo hatushauri neno lifutwe kwa sababu ni tusi, maana ndani yake umo ushahidi kwamba wanawake walikuwa na chuo chao na waamuzi wao. Twashauri kamusi iongeze mambo mawili: kwamba ni tusi, na kwamba ni la wanawake kwa wanawake.