Mafuta Yanayojua Kungoja

Mhandisi anayechagua mafuta ya roketi haulizi nguvu peke yake. Huuliza pia mafuta hayo yatakaa muda gani kabla ya kuwashwa. Hidrojeni na oksijeni zikiwa katika hali ya kimiminika hutoa msukumo mkubwa kwa kila kilo, lakini hidrojeni huchemka kwenye nyuzi 253 chini ya sifuri, na oksijeni kwenye nyuzi 183 chini ya sifuri. Joto kidogo tu likipenya tangini, mafuta yanageuka mvuke na kupotea. Kwa roketi inayojazwa leo na kuteketeza yote ndani ya dakika chache, hasara hiyo huvumilika. Kwa kituo cha anga kitakachohitaji kujisukuma miezi sita ijayo, haivumiliki.

Ndiyo maana waliounda kituo cha Salyut 6 katika Umoja wa Kisovyeti walichagua vimiminika viwili vyenye subira: aina ya haidrazini iwe mafuta, na tetroksidi ya nitrojeni iwe kioksidishaji. Vyote viwili hukaa tangini mwezi baada ya mwezi bila kuhitaji baridi kali. Vikikutana huwaka papo hapo, bila cheche. Kuwasha injini ni kufungua valvu mbili tu, na kuizima ni kuzifunga.

Subira hiyo ina gharama. Msukumo wake ni mdogo kuliko ule wa hidrojeni, na vyote viwili ni sumu. Julai 1975, wanaanga watatu wa Marekani walivuta mvuke wa tetroksidi ya nitrojeni wakati chombo chao cha Apollo kikishuka baharini, wakalazwa hospitalini Honolulu. Anayeshika kazi hii anajua kwamba hata tone moja halina ruhusa ya kuingia wanamoishi watu.

Tazama sasa jinsi kanuni hiyo ilivyotiwa ndani ya chuma. Chombo cha mizigo cha Progress 1 kiliondoka Baikonur tarehe 20 Januari 1978. Mbele palikuwa na chumba chenye hewa, kilichobeba chakula na vifaa. Matangi ya mafuta yaliwekwa nyuma ya chumba hicho, katika sehemu isiyo na hewa kabisa, na mabomba yake yakapitishwa nje ya ukuta hadi kwenye pete ya kuunganishia. Pete ya chombo ilipokutana na pete ya kituo, midomo ya mabomba nayo ilikutana: wa mafuta kwa wa mafuta, wa kioksidishaji kwa wa kioksidishaji. Mfanyakazi aliyekuwa akitoa masanduku ndani hakugusa chochote cha njia hiyo.

Mabomba hayo yalikuwa kwenye mlango wa nyuma wa kituo tu, na mlango huo ulikuwa na mgeni. Wanaanga Yuri Romanenko na Georgy Grechko walikuwa wamefika Desemba wakaegesha Soyuz yao hapo. Januari wenzao wawili, Vladimir Dzhanibekov na Oleg Makarov, walikuja na Soyuz nyingine kupitia mlango wa mbele, kisha wakarudi nyumbani na ile ya nyuma. Nafasi ikapatikana, na tarehe 22 Januari Progress ikajifunga mahali pake.

Hapa duniani, anayehamisha mafuta ya taa huinamisha dumu tu, uzito wa mafuta ukamaliza kazi. Kwenye mzingo hakuna cha kuinamisha. Kimiminika huelea tangini kikichanganyika na gesi, na mapovu yakifika kwenye injini huharibu mwako. Kwa hiyo ndani ya tangi kuliwekwa kizuizi kinachonyumbulika: upande mmoja mafuta, upande wa pili nitrojeni. Nitrojeni ikisukuma kizuizi, mafuta hutoka safi, bila povu.

Lakini nitrojeni ileile inayoyasukuma mafuta kwenda kwenye injini huzuia mafuta mapya kuingia. Basi kabla ya yote, wanaanga walikagua viungo vya mabomba kuona kama vinavuja. Kisha wakawasha kompresa, nayo ikaanza kuivuta nitrojeni kutoka kwenye matangi ya kituo na kuirudisha kwenye mitungi yake. Mashine hiyo ilikula takriban kilowati moja ya umeme, mzigo mzito kwa kituo kinachotegemea mabawa ya jua, kwa hiyo haikuweza kuharakishwa. Shinikizo la matangi ya kituo liliposhuka chini ya lile la Progress, valvu zilifunguliwa, na mafuta yakahama yenyewe kutoka penye shinikizo kubwa kwenda penye dogo. Kazi ilifanywa tarehe 2 na 3 Februari, kila kimiminika kwa zamu yake na kwa bomba lake.

Hatua ya mwisho ndiyo ninayoihusudu zaidi. Matangi yalikuwa yamejaa, na mtu mwenye pupa angeona kazi imekwisha. Wao walipuliza nitrojeni ndani ya mabomba na kuyatoa mabaki nje, kwenye utupu, ili Progress itakapojitenga pasiwe na tone lililobaki kwenye pete atakayoitumia mgeni ajaye.

Wageni walikuja kweli. Vyombo 12 vya Progress viliihudumia Salyut 6 kabla haijaangushwa Julai 1982, na hadi leo Progress hukijaza mafuta Kituo cha Kimataifa cha Anga. Sasa wahandisi wanataka kuhamisha angani oksijeni na methani zenye baridi kali, kwa ajili ya safari za Mwezini. Machi 2024, kampuni ya SpaceX ilifanya jaribio la kuhamisha oksijeni kutoka tangi moja hadi jingine ndani ya chombo kimoja cha Starship. Vimiminika hivyo havina subira, kwa hiyo subira yote itabidi itoke kwa mafundi: kuzuia joto, kutenga gesi na kimiminika, kupima shinikizo, na kusafisha njia kila mara kazi inapokwisha.